Fundi Geti na Ngazi Sitini na Nne

Jengo lilikuwa na ghorofa nne na ngazi sitini na nne, na halikuwa na lifti. Katika nyumba ya mwisho ya ghorofa ya nne aliishi mchomeleaji wa vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Geti. Jina hilo alilipata kwa jasho lake: kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametengeneza mageti mengi kiasi kwamba mtu hakuweza kutoka hapo hadi sokoni bila kupita mbele ya tisa kati ya hayo. Nondo za madirisha ya jengo lile pia zilikuwa kazi yake, na reli ya ngazi, tangu chini hadi juu, ilikuwa kazi yake. Siku alipozifunga nondo za dirisha la chumba chake, alikuwa amesimama nje juu ya jukwaa la mbao, akitazama ndani. Sasa alikuwa ndani akitazama nje, na nondo hazikutikisika hata kidogo, maana hakuwa fundi wa kulipua kazi.

Mwaka ulikuwa umepita tangu aanguke. Alikuwa juu ya paa la kiwanda cha mikate akichomelea kitako cha tangi la maji, akakanyaga bati lililooza. Nyonga ilivunjika, na miguu yote miwili pia. Mifupa iliunga vizuri, lakini miguu ilisahau kutii.

Siku aliporudishwa kutoka hospitali, mafundi wenzake walimpandisha ngazi ndani ya shuka, watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Walipofika kwenye kona ya mwisho, ngazi nane tu kabla ya mlango wake, walimweka chini wapumzike. Hapo rafiki yake Mwashi, mjenzi wa matofali aliyekaa ghorofa ya kwanza na aliyefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, alijifuta jasho akasema, "Jamani, tumwegemeze hapa ukutani mpaka tupate mnunuzi." Watu walicheka hadi ngazi zikavuma. Fundi Geti naye alicheka. Mlango ulipofungwa, alimwambia mkewe kwamba hatazishuka ngazi zile tena ila kwa miguu yake mwenyewe. Neno linalotamkwa kwa uchungu ni kama nyumba. Akijijengea mtu, hulazimika kukaa humo. Fundi Geti alihamia ndani ya neno lake, akafunga mlango.

Chumba alichokalia kilikuwa na kitanda, meza, dirisha moja, na kiti cha ofisi chenye magurudumu matano, moja likiwa limekwama. Kutoka kitandani hadi mezani palikuwa na misukumo mitatu ya mkono. Kutoka mezani hadi dirishani, miwili. Mkewe, ambaye alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, aliondoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, na muda wote huo katikati ulikuwa wa mumewe peke yake, kama mfuko mtupu aliokabidhiwa aujaze.

Aliujaza kwa gemu. Binti yao wa pekee, alipohamia mji mwingine kikazi, aliacha kompyuta yake ya zamani mezani, na ndani yake mlikuwa na mchezo unaohusu dunia iliyokwisha. Kwa mujibu wa mchezo huo, vumbi la moto lilikuwa limeteketeza miji yote, na waliosalia walizunguka magofuni wakitafuta maji, dawa na silaha. Fundi Geti aliufungua siku moja kwa kukosa la kufanya, akaokota bunduki iliyotengenezwa kwa bomba la maji, akaitazama kwa karibu, na damu ikamchemka. Alipokuja mkewe jioni hakusalimiwa. Alioneshwa bunduki.

"Mama, tazama mshono huu. Aliyechomelea hapa hajawahi kushika elektrodi maishani mwake. Hii ikifyatuliwa mara moja tu, inaondoka na vidole."

Mkewe alivua viatu, akaitazama, akamuuliza kama vidole hivyo ni vya kweli. Alipojibiwa kwamba ni vya kwenye mchezo, alisema basi hamna tatizo, akaenda kuweka maji jikoni.

Lakini kwa fundi lilikuwapo tatizo. Akajifunza, kidogo kidogo, kwa kusoma maelezo ya watu wasiomjua, jinsi ya kutengeneza modi. Yaani vipande ambavyo mchezaji wa kawaida huvichora mwenyewe na kuviingiza ndani ya mchezo ili kubadilisha kile kilichowekwa na wenye nao. Alianza kwa kuurekebisha mshono wa bunduki ile. Kisha akatengeneza mkuki wa nondo ya milimita kumi na sita, nyundo iliyotokana na ekseli ya gari, na mtambo wa kurusha misumari kwa pampu ya kujazia upepo. Alijiwekea sheria moja ambayo hakuivunja: silaha yoyote atakayoichora lazima iwe ile ambayo yeye, kwa mashine yake ya kuchomelea, grainda na jiliwa, angeweza kuitengeneza kwa siku moja. Katika maisha yake hakuwahi kutengeneza silaha ya kweli hata moja. Mkewe alimtania kwamba miaka thelathini na mmoja alitengeneza vyuma vya kuzuia watu wasivunje nyumba, na sasa uzeeni ameona awagawie vya kuvunjia.

Modi zake zilipendwa. Katika ukumbi wa mtandaoni ambako wachezaji wa Kiswahili walikutana, watu walizichukua kwa mamia, wakamshukuru na kumwuliza maswali. Yeye aliweka faili akaondoka bila kuandika neno. Wengi waliamini kwamba jina la Fundi Geti lilikuwa la mashine.

Mhusika wake alimpa jina la Miguu. Mkewe aliposoma jina hilo kwenye kioo hakucheka. Katika mchezo ule, mwanzoni kabisa, mchezaji hupewa alama thelathini azigawe katika sifa sita za mhusika wake, na akishazigawa hawezi kuzirudisha. Fundi Geti alitia alama kumi katika nguvu na kumi katika ufundi. Nyingine aliziweka katika ustahimilivu, shabaha na bahati. Katika ushawishi, ambayo ni sifa ya kusema na watu na kuwafanya wakufuate, aliacha alama moja, kwa kuwa mchezo haukumruhusu kuacha sifuri. Basi Miguu alitembea jangwani siku mia mbili na kumi na nne bila mwenzi. Alibeba mizigo ambayo watu watatu wasingeiweza. Wasafiri aliokutana nao walimjibu kwa neno moja moja, na wachuuzi walimfungia milango.

Mtu pekee aliyemzoea ukumbini alikuwa mama mmoja aliyejiita Bibi Risasi. Huyu alisema mwenyewe kwamba ni mkunga mstaafu, kwamba ana wajukuu saba, na kwamba mhusika wake hana bunduki kabisa. Alama zote alizirundika katika ushawishi, na sasa watu wanne wanamfuata wakimbebea silaha na chakula. Alimwandikia Fundi Geti kila wiki, akijibiwa au asijibiwe. Safari moja alimwandikia kuhusu ule mkuki. "Mkuki wako mzuri, fundi, ila mrefu. Humu hatuoni kwa sababu milango na ngazi za humu ni za majitu. Nyumbani kwangu usingekata kona ya jikoni." Fundi Geti alidhani anataniwa. Alifunga ujumbe, akaendelea na kazi.

Ndipo akaja mtaalamu wa viungo.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi kubwa, ametumwa na kliniki, na alifika mlangoni akihema. Alimkunja fundi magoti kwa mikono yake, akayanyoosha, akayakunja tena, akiyasikiliza kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Kisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, kazi yako nimeambiwa. Goti ni bawaba tu. Bawaba ya geti isipofunguliwa mwaka mzima inakuwaje?"

"Inashika kutu," alijibu fundi.

"Na ikishashika?"

Jibu Fundi Geti alilijua. Bawaba ikishashika kutu kabisa haifunguki kwa mafuta. Hukatwa kwa grainda.

Mtaalamu alieleza taratibu. Kliniki ilikuwa na vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, na mashine ya kunyoosha magoti, na vyote hivyo havibebeki hadi ghorofa ya nne. Nafasi yake ilikuwa imeshikiliwa mpaka Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka siku ile, saa nne asubuhi. Asipofika, nafasi atapewa mwingine, na foleni iliyobaki ni ya miezi minane. Kwa magoti yale, alisema, miezi minane ni sawa na kamwe. Aliandika siku na saa kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye nondo ya dirisha, akashuka.

Mkewe hakumsihi. Alimjua. Alisema tu, akiwa amempa mgongo anakunja nguo, kwamba Mwashi anaamkia kila asubuhi na kuuliza hali, na kila asubuhi yeye humdanganya kwamba mgonjwa amelala. Uongo ule, alisema, umeanza kumchosha kuliko pasi.

Fundi Geti alikaa siku mbili bila kufungua gemu. Siku ya tatu aliamua jambo ambalo lingetunza neno lake na magoti yake kwa pamoja. Shukani hataingia tena, wala mgongoni mwa mtu hatapanda. Lakini kiti ni chombo, na chombo kikiwa kimesanifiwa vizuri, anayekikalia habebwi bali husafiri. Alianza kuchora kiti chenye mabomba mawili marefu ya kubebea, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, chenye mkanda wa kifuani na kikanyagio cha miguu. Alikichora kwa zana zilezile alizochorea mikuki na bunduki, na alipokimaliza alikiingiza ndani ya mchezo kama modi ili akijaribu.

Kwa ajili ya majaribio hayo alikuwa na ngazi tayari. Miezi mingi kabla, katika kipindi kibaya ambacho hakumsimulia mtu, alikuwa amejenga ndani ya mchezo jengo lao lote kwa kuunganisha vipande vya kuta na ngazi vilivyokuja na mchezo wenyewe. Aliweka milango mahali pake na rangi mahali pake. Kila asubuhi, kabla ya kumpeleka jangwani, alimshusha Miguu ngazi zile sitini na nne na kumpandisha tena, polepole, akihesabu. Mchezo haukumpa faida yoyote kwa kutembea huko. Alifanya hivyo kwa siku zaidi ya mia moja na hamsini.

Miguu alikibeba peke yake, na kiti kilipita. Kilishuka kona zote nane bila kugusa ukuta, kikapanda, kikashuka tena. Fundi Geti aliandika vipimo kwenye karatasi na kumpa mkewe avipeleke karakana aliyofanyia kazi. Mkewe alimwuliza kama hahitaji kwanza yeye atoke na futi ya kupimia akaipime kona ya ngazi. Fundi alimtazama kwa mshangao uliokaribia kuwa ghadhabu. "Mama, reli ile nimeifunga kwa mkono wangu. Ngazi hizi unanifundisha mimi?" Mkewe alikunja karatasi, akaitia mkobani.

Vijana wa karakana walimheshimu mno kiasi cha kutoongeza wala kupunguza hata milimita. Mabomba waliyachomelea moja kwa moja kwenye fremu, kama mchoro ulivyoagiza, kwa kuwa mzee hakutaka nati. Nati, alikuwa akisema siku zote, hulegea. Kiti kilipokuwa tayari, Mwashi alijitolea kukipandisha. Alikiweka kichwani kimesimama wima kama ngazi ya mpaka rangi, akakifikisha mlangoni, akakitua na kuondoka bila kubisha. Hakuna aliyefikiria kwamba kiti kisicho na mtu huweza kusimamishwa wima, na chenye mtu hakiwezi.

Alhamisi ilifika. Saa tatu kasorobo asubuhi Mwashi alipanda pamoja na fundi bomba wa ghorofa ya pili, mtu mwembamba mwenye mabega ya chuma. Mkewe fundi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kushika mfuko wa makaratasi ya hospitali. Salamu zilikuwa fupi. Mwashi alisema, "Fundi," na Fundi Geti akasema, "Mwashi," na baada ya miezi kumi na mmoja hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo.

Walimkalisha, wakamfunga mkanda, wakainua. Kiti hakikulia hata kidogo. Kilipovuka kizingiti, Fundi Geti aliona ukuta wa nje wa mlango wake kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita; ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani, naye hakuambiwa. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alizihesabu moyoni. Katika ya tano alishangaa kidogo jinsi ukuta ulivyokuwa karibu na bega lake. Katika ya nane walifika kwenye kona, na Mwashi, aliyekuwa mbele, akaanza kugeuka.

Ncha za mbele za mabomba ziligonga ukuta. Mwashi alirudi nyuma nusu hatua, akajaribu kwa upande mwingine, na ncha ya nyuma ikaingia chini ya ua la chuma lililokuwa kwenye nguzo ya reli. Uzito wa kiti ukakaa. Kitu kikalia, ka, kama komeo linapoingia mahali pake. Walivuta mbele, hakikwenda. Walivuta nyuma, hakikwenda. Walijaribu kuinua, lakini juu kulikuwa na lile ua, petali tano za bati nene ambazo Fundi Geti alizichomelea pale miaka kumi na mmoja iliyopita bila kuombwa na mtu, kwa kupenda tu.

"Kona imepungua," alisema Fundi Geti. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Hii kona haikuwa hivi."

Kona ilikuwa vilevile tangu jengo lilipojengwa. Mkewe, kutoka juu, aliitazama kona, akamtazama mumewe, na akaelewa kabla yake. Ngazi alizozishuka kila asubuhi kwa siku mia moja na hamsini hazikuwa hizi. Wenye mchezo walizipanua makusudi, ili mtu mwenye mkuki mrefu asikwame. Na jinsi alivyozishuka kila siku, ndivyo zilivyoingia kichwani mwake na kuzitoa zile za kweli, moja baada ya nyingine, hadi mtu aliyeyajua majengo kwa kuyapapasa akaja kulisahau jengo analolala.

Fundi Geti alielewa baadaye kidogo, alipokumbuka ujumbe wa mkunga yule kuhusu kona ya jikoni. Alifumba macho.

Wakati huo ngazi zilikuwa zimeanza kujaa. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa anapandisha beseni la nguo kwenda kuanika juu ya paa, na nyuma yake mzee mmoja na mkoba. Kutoka juu walishuka wapangaji wawili waliochelewa kazini. Hakuna aliyeweza kupita. Mama mwenye beseni alisema, kwa upole wa mtu anayejua kwamba hali si nzuri lakini nguo nazo ni mbichi, kwamba yeye haharakishi mtu, ila jua nalo halingoji.

Fundi bomba alipendekeza msumeno wa chuma. Mwashi aliuliza akate kipi, bomba la kiti au ua la reli. Fundi Geti alipiga hesabu kwa haraka, kama alivyozoea. Kukata ua: mpaka msumeno upatikane, na bati lile la milimita nne, ni dakika arobaini. Kukata mabomba: kiti hakibebeki tena. Saa ilikuwa imefika tatu na dakika kumi. Kliniki, kwa gari lililokuwa linawasubiri chini, ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alipiga hesabu mara ya pili, na mara ya tatu, kama mtu anayepekua mifuko yote ya koti akijua kwamba ufunguo hamna.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, na watu wote kwenye ngazi waliijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Mkewe alikuwa ameshika reli kwa mkono mmoja. Alikuwa akiitazama ile karatasi ya siku na saa, ambayo alikuwa ameibandua kwenye nondo asubuhi ile.

"Hapa ndipo uliponiweka," alisema Fundi Geti.

Mwashi hakumwelewa. "Lini?"

"Siku ile ya shuka. Mkaniweka hapa hapa. Ukasema mniegemeze ukutani mpaka mpate mnunuzi."

Mwashi alikunja uso, akitafuta. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta kwa dhati na hapati. Maneno ambayo mwenzake alikuwa ameyabeba kwa miezi kumi na mmoja, yeye aliyatua palepale alipoyasema. Kisha kitu fulani kilimrudia, na akaitazama mikono yake.

"Shuka lilikuwa linaniteleza," alisema. "Pembe yangu ilikuwa upande wa kichwa. Mikono imejaa jasho, na nyuma yangu ngazi tupu. Nikaona huyu ninamwangusha mara ya pili, na safari hii ni mimi. Nilisema tuweke chini tupumzike, nikasema upuuzi wowote ili wasinione natetemeka." Alijifuta viganja kwenye suruali. "Sikumbuki nilisema nini, ndugu yangu. Nakumbuka kutetemeka tu."

Mama wa beseni aliliweka beseni chini.

Fundi Geti aliutazama ukuta uliokuwa shibiri moja kutoka puani mwake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema lolote kuhusu mtu asiyeweza kuinama, ambaye lazima aombe mwingine ainame kwa niaba yake. Neno lilikuwa moja tu.

"Nibebe," alisema.

Mwashi aligeuka, akapiga magoti kwenye ngazi, akampa mgongo. Fundi bomba alifungua mkanda. Mkewe na mama wa beseni walimwinua miguu, mmoja mguu huu na mwingine ule, wakaipitisha juu ya bomba. Fundi Geti alizungusha mikono yake, ambayo bado ilikuwa mikono ya mchomeleaji, shingoni mwa rafiki yake. Mwashi alikohoa.

"Taratibu, fundi. Unanikaba. Nikifa hapa tutakuwa vyuma chakavu viwili."

"Nenda," alisema Fundi Geti, "kabla hujapata mnunuzi."

Ngazi zilizobaki zilikuwa hamsini na sita. Mwashi alizishuka kwa kuegemea reli kwa ubavu, akipumzika kila kona, na kila alipopumzika Fundi Geti alihisi moyo wa mwenzake ukigonga kupitia mgongoni. Shati la Mwashi lilinuka sabuni na chini ya sabuni lilinuka saruji. Fundi Geti hakujua pa kuweka uso wake. Kufikia ghorofa ya pili aliuweka begani. Aligundua kwamba kona za kweli zilikuwa nyembamba na za giza, na kwamba reli yake, ikitazamwa kutoka urefu ule usio wa kawaida, ilikuwa na mshono mmoja ambao hakuusaga vizuri. Aliuhifadhi kichwani. Chini, jua lilimpiga machoni akashindwa kuona gari.

Walifika kliniki saa nne na dakika sita. Mtaalamu yule mfupi alikuwa mlangoni na orodha mkononi na kalamu ikiwa tayari imeelekea kwenye jina. Aliiondoa kalamu.

Mafunzo ya siku ile yalichukua dakika ishirini na tano. Walimsimamisha katikati ya vyuma viwili sambamba, watu wawili wakimshika kiuno. Magoti yalikunjuka kidogo tu, kwa maumivu yaliyomtoa machozi, na alisimama kwa muda wa kuhesabu hadi tisa. Mtaalamu hakumsifu kupita kiasi. Alisema kutu imeshika lakini haijala chuma, na kwamba atamtaka kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miezi sita, pengine saba, na kwamba hata hapo hawezi kuahidi zaidi ya fimbo mbili. Fundi Geti alipiga hesabu bila kutaka: safari hamsini na zaidi, kushuka na kupanda, ngazi sitini na nne, juu ya mgongo wa mtu mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Alimtazama Mwashi aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, ameegemea ukuta, mdomo wazi, amelala.

Jioni, mlango ulipofungwa, chumba kilikuwa kilekile. Misukumo mitatu hadi mezani, miwili hadi dirishani. Kiti kilikuwa bado kimekwama kwenye kona. Wapangaji walikuwa wamejifunza kupita chini yake kwa kuinama, na mama wa beseni alikuwa ameanika juu yake mataulo mawili. Nondo hazikuwa zimetikisika. Mkewe alikuwa jikoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa akiimba kitu kisicho na maneno.

Fundi Geti alifungua kompyuta. Miguu alikuwa amesimama mahali alipomwacha, juu ya ngazi pana, na mzigo wake mzito na mkuki wake mrefu, peke yake, siku ya mia mbili na kumi na nne. Alama haziwezi kurudishwa. Alimtazama kwa muda. Kisha alitoka ndani ya mchezo bila kumshusha ngazi, akaingia ukumbini, akamwandikia Bibi Risasi ujumbe wake wa kwanza wenye zaidi ya maneno matatu. Alimwuliza, kama haitakuwa usumbufu, mtu mwenye ushawishi wa alama moja huanzia wapi.

Kabla jibu halijaja, aliita kuelekea jikoni.

"Mama, ile futi ya kupimia iko wapi?"

"Unataka kupima nini saa hizi?"

"Kona," alisema. "Naomba ukanipimie. Upana, na mahali pale lilipo ua. Uniandikie kama ilivyo."